Mwenye Mali na Mwenye Ufunguo

Msomaji, yako maswali ambayo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuyauliza. Hawakupungukiwa na akili. Ni vyombo vya siku zao vilivyokuwa vinyofu. Mtu alinunua jembe sokoni akaenda nalo shambani. Mpini ukivunjika alichonga mwingine. Makali yakiisha alilinoa. Na lilipokuwa halifai tena kwa kulimia, mhunzi alilitia motoni likatoka kisu. Hapana mwuza majembe aliyemfuata mteja wake nyumbani ili amwambie, "Jembe hili ni la mahindi tu, usilimie mihogo." Bei ikishalipwa, maneno yalikwisha.

Leo twanunua vyombo vya namna nyingine. Ndani yake mna kitu kisichoshikika kwa mkono, nacho ni programu, yaani mfululizo wa maagizo yanayokiambia chombo kifanye nini na kisifanye nini. Mwuzaji hutukabidhi mwili wa chombo, lakini aghalabu ufunguo wa maagizo yale hubaki mkononi mwake. Kutokana na hali hiyo limezaliwa swali ambalo nataka tulitazame pamoja: chombo kikiwa kwangu, na ufunguo wake ukiwa kwa mwingine, ni nani mwenye mali? Na je, ni haki kwangu kujichongea ufunguo wa pili?

Swali kubwa hueleweka vizuri likifungwa katika mfano mdogo. Mfano wetu utakuwa kifaa cha kusomea vitabu vya elektroniki, ambacho kwa ufupi tutakiita kisomeo. Ni kibao chembamba, chepesi kuliko vitabu vingi vya shule, na ndani yake huweza kukaa vitabu elfu na zaidi. Kioo chake hakifanani na kioo cha simu. Kimejaa vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na katika kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zinazoelea katika maji mazito. Chembe nyeupe zimetiwa umeme wa aina moja, na nyeusi umeme wa aina iliyo kinyume. Mahali panapotakiwa weusi, umeme huzivuta chembe nyeusi zikapanda juu, na herufi huonekana. Mahali panapotakiwa weupe, nyeupe hupanda. Zikishapanda hutulia pale pale bila kuhitaji umeme tena. Ndiyo sababu ukurasa wake husomeka hata juani, na betri yake hudumu kwa majuma. Wino huu ulitokana na kazi iliyofanywa katika Chuo cha MIT cha Marekani, na mwaka 1997 ikaundwa kampuni ya kuutengeneza, iitwayo E Ink. Miaka 10 baadaye, mwezi wa Novemba 2007, kampuni ya Amazon ilileta sokoni kisomeo chake cha kwanza, Kindle, kwa bei ya dola 399.

Sasa fikiri habari ya kisomeo kimoja katika ukoo huo, kilichotolewa mwaka 2010, ambacho watu hukiita Kindle Keyboard kwa kuwa chini ya kioo chake mna vibonyezo vya herufi. Kioo chake ni cha inchi 6, na huweza kuonyesha vivuli 16 vya rangi ya kijivu. Vingi vya umri huo vingali vizima. Ukivishika utaona herufi zake zasomeka kama zilivyosomeka siku ya kwanza. Hata hivyo, dunia inayovizunguka imevifungia milango mmoja baada ya mwingine. Katika mwaka 2022 kampuni kubwa za simu za Marekani zilizima mitambo ya kizazi cha tatu, ambayo baadhi ya visomeo hivyo viliitegemea. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Amazon ilizuia aina kadha za visomeo vya zamani, na Kindle Keyboard kikiwamo, visiweze tena kununua vitabu moja kwa moja kutoka dukani mwake. Jicho la kisomeo halikupofuka. Lililokwisha ni hamu ya kampuni ya kukihudumia.

Mtu mwenye kisomeo cha namna hiyo ana njia tatu mbele yake. Anaweza kukitupa. Anaweza kukiweka kabatini hata kisahauliwe. Au anaweza kukifungua, akatia ndani yake programu zilizotungwa na watu wengine, ili kiendelee kufanya kazi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Njia ya kwanza ina hasara ambayo si ya mtu mmoja. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba katika mwaka 2022 ulimwengu ulitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme na vya elektroniki, na kwamba chini ya robo ya uzito huo ndiyo iliyojulikana kuwa ilikusanywa na kutengenezwa upya ipasavyo. Zilizosalia ziko mahali fulani: katika mashimo, katika moshi, na katika mikono ya watoto wanaochokora majaa kutafuta shaba. Kwa hiyo mtu anayekirefushia maisha chombo kizima hafanyi mchezo wa bure.

Je, kukifungua ni kufanya nini hasa? Ni vizuri tujue, maana mtu hawezi kuhukumu jambo asilolifahamu. Kisomeo kimefundishwa kukataa programu yoyote mpya isiyokuwa na sahihi ya kampuni. Sahihi hiyo haiandikwi kwa kalamu. Ni hesabu ndefu. Kampuni ina ufunguo wa siri wa kuitilia, na kisomeo kina ufunguo wa wazi wa kuitambua. Wafunguzi hutafuta kosa dogo lililosahauliwa katika programu ya zamani, wakapenya hapo, na kuweka ndani ya kisomeo ufunguo wa pili wa kutambulia. Tangu saa hiyo kisomeo huzipokea sahihi mbili, ya kampuni na ya wafunguzi wenyewe. Halafu mwenye kisomeo hukiunganisha na kompyuta kwa waya, akatia programu aitakayo.

Programu moja inayojulikana sana kwa kazi hii huitwa KOReader. Imetungwa na watu wanaojitolea katika nchi mbalimbali. Haiuzwi, na maandishi yake yote yako wazi kwa yeyote atakaye kuyasoma na kuyarekebisha. Huweza kukaa katika Kindle, katika Kobo na katika PocketBook. Kwa msaada wake kisomeo cha zamani hufungua vitabu vya EPUB, ambavyo Kindle za zamani hazikuweza kuvifungua. Huzipanga upya kurasa za PDF zilizo pana kuliko kioo. Na humruhusu msomaji kuchagua ukubwa wa herufi na upana wa pambizo apendavyo. Mtu huyo akiisha kufika hapo, mlango wa maktaba kubwa umo mkononi mwake. Mradi wa Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, hutoa bure vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo nchini Marekani havifungwi tena na hakimiliki. Wako pia waliokigeuza kisomeo kibovu cha betri kuwa saa ya ukutani, ambayo kila dakika huonyesha sentensi kutoka katika kitabu fulani inayoitaja saa ile ile. Hivyo kitu kilichohesabiwa kuwa takataka hurudi kuwa pambo la nyumba.

Hapo ndipo mwenye shaka anaposimama na kuuliza, "Uzuri wa matokeo haujathibitisha uhalali wa tendo. Mwizi naye hushiba. Nani amekupa ruhusa?" Swali hili ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa dharau.

Tuanze na jambo lililotokea kweli. Mwezi wa Julai 2009 watu wa Marekani waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell kwa ajili ya Kindle zao, walifungua visomeo wakakuta vitabu havimo. Kimoja kilikuwa 1984, na cha pili ni kile ambacho sisi twakijua kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, kwa jina la Shamba la Wanyama. Ilikuwa hivi: mchapishaji aliyeviweka vitabu hivyo dukani hakuwa na haki ya kuviuza nchini humo. Amazon ilipogundua, ilivifuta kutoka mbali katika visomeo vya watu, na ikawarudishia fedha zao. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisoma 1984 kwa ajili ya masomo yake alikuta maelezo aliyokuwa ameyaandika yamebaki peke yake, bila kitabu cha kuyapa maana. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani kabla mwezi haujaisha.

Angalia vizuri, msomaji. Fedha zilirudishwa, kwa hesabu ya senti hapana aliyedhulumiwa. Kwa nini basi watu walikasirika? Fikiri mwenye duka la vitabu aingie nyumbani mwako usiku, achukue kitabu juu ya meza yako, aache noti yenye thamani ile ile, na kuondoka kimya. Asubuhi hutasema, "Sikupata hasara." Utauliza, "Aliingiaje?" Kilichowaudhi watu kilikuwa kugundua kwamba mlango wa nyumba zao ulikuwa na ufunguo wa pili, na kwamba ufunguo huo haukuwa wao. Na kwamba kitabu kilichofutwa kilisimulia habari za serikali inayochoma kumbukumbu ili watu wasijue yaliyopita, hilo lilikuwa fumbo ambalo hata mtunzi mwenyewe asingethubutu kulitunga.

Kutokana na mkasa huo twapata nguzo ya kwanza ya hoja yetu. Kumiliki kitu ni zaidi ya kukiweka mfukoni. Mmiliki ni yule awezaye kukitazama ndani, kukitengeneza kikiharibika, kukigeuza kwa haja zake, kumrithisha mwanawe, na kujibu kwa madhara yake. Mambo hayo yakiondolewa yote, likabaki la kushika tu, basi aliyenunua amekuwa mpangaji aliyelipa kodi ya miaka mingi kwa siku moja. Yamkini ameridhika kuwa mpangaji. Hiyo ni hiari yake. Lakini alipouziwa aliambiwa "nunua", hakuambiwa "panga". Kama neno "nunua" lina maana yake ya kawaida, mnunuzi anapokifungua chombo chake hamwibii mtu kitu. Anaitimiza maana ya neno aliloambiwa.

Iko na hoja nyingine ambayo watu wachache huijua. Chini ya programu za Kindle mna msingi uitwao Linux. Msingi huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, na tangu hapo maelfu ya watu wameuongeza. Hutolewa kwa sharti kwamba yeyote aweza kuutumia, kuusoma na kuubadilisha, ila asiyaficha mabadiliko yake anapowapa wengine. Amazon hulitimiza sharti hilo kwa kuyatoa maandishi ya sehemu hizo. Hata hivyo kuna jambo la kutafakari hapa: nyumba imejengwa juu ya kiwanja cha hisani, kisha mlango umefungwa kwa kufuli. Sheria yaweza kuwa haikuvunjwa. Lakini mtu aliyekirimiwa kisima kilicho wazi asishangae akiona wenye kiu wanatafuta njia ya kukifikia.

Sasa tumpe mwuzaji nafasi ya kujitetea, maana hukumu ya upande mmoja ni dhuluma. Ana hoja tatu.

Hoja yake ya kwanza ni usalama. Husema, "Kufuli langu linakulinda wewe. Bila sahihi yangu, mlaghai atakutilia programu ya kukuibia." Hoja hii ni ya kweli. Kisomeo chaweza kuwa na jina lako na njia ya kununua kwa fedha zako, na mtu anayechukua programu kwa asiyemjua amemkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba. Lakini jawabu la hatari hiyo ni hadhari na elimu. Mlinzi mwema hulinda mlango, na mwenye nyumba akitaka kutoka humpisha. Mlinzi asiyempisha hata mwenye nyumba amebadilika kazi; jina lake ni mlinzi wa gereza.

Hoja ya pili ni haki ya waandishi. Husema, "Mkivunja kufuli, mtaiba vitabu." Hapa, msomaji kijana, nataka usimame kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Yako makufuli mawili, na watu huyachanganya. Moja limefunga kisomeo, na la pili limefunga kitabu. Mwili wa kisomeo umeununua. Utungo wa mwandishi hukuununua, umenunua nafasi ya kuusoma tu. Mwandishi amekesha, ameandika na kufuta, amewanyima watoto wake saa zake, na ujira wake ni zile shilingi chache za kila nakala. Anayekifungua kisomeo chake ili asome vitabu vya bure au vitabu alivyovinunua kwa halali, hamgusi mwandishi. Anayekifungua ili ajaze ndani yake vitabu vya wizi, kisha awagawie rafiki zake, huyo amenyang'anya, na hapana falsafa ya umiliki itakayomsafisha. Ubaya wake haumo katika ufunguo. Umo katika kile alichokiingilia. Kisu ni kile kile, akiwa nacho mpishi au akiwa nacho mnyang'anyi.

Sheria nazo hufuata njia zao, na mtu mwungwana huzijua kabla ya kushika bisibisi. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mwandishi kwa muda wa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake, na hukataza pia kuvunja kinga zilizowekwa ili kulinda kazi zake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kinga za namna hiyo, lakini ikampa Mkuu wa Maktaba ya Bunge mamlaka ya kutoa ruhusa za pekee kila baada ya miaka 3; na mwaka 2010 alitoa ruhusa ya kufungua simu ili zipokee programu za watu wengine. Huko Ulaya, mwaka 2024, Umoja wa nchi zile ulipitisha sheria ya kumpa mnunuzi haki ya kutengenezewa baadhi ya vyombo vyake, kama vile mashine za kufulia, majokofu na simu. Waona kwamba watunga sheria wenyewe wangali wakitafuta mpaka ulipo. Hayo hayatupi ruhusa ya kuidharau sheria. Yatuonyesha kwamba swali hili li hai, na kwamba kizazi chenu ndicho kitakacholijibu.

Hoja ya tatu ya mwuzaji ni ahadi, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2011 Amazon ilianza kuuza Kindle ya namna mbili. Moja iliuzwa kwa dola 139. Ya pili, iliyokuwa sawa kabisa na ile, iliuzwa kwa dola 114, kwa kuwa mnunuzi wake alikubali kuonyeshwa matangazo ya biashara kila anapokilaza kisomeo. Sasa fikiri mtu aliyenunua ile ya dola 114, akafika nyumbani, akakifungua kisomeo na kuyafuta matangazo jioni ile ile. Je, amefanya haki? Atasema, "Chombo ni changu." Ndiyo, chombo ni chake, lakini ahadi pia ni yake. Dola 25 alizopunguziwa zilikuwa malipo ya jambo alilokubali kulivumilia. Akizila fedha na kulikataa jambo, amekula nyama na kumnyima mchinjaji bei. Mtu huyo alipaswa kulipa tofauti ile, au asiinunue ile ya bei nafuu. Umiliki haufuti ahadi ambayo mtu aliitoa kwa kinywa chake na akili zake timamu.

Lakini je, yule aliyekinunua kisomeo hicho kama mtumba, baada ya miaka 10, kwa mtu aliyekuwa hakitaki tena? Huyu hakuahidi kitu, wala hakupunguziwa senti na kampuni. Kwa maoni yangu hafungwi na ahadi ya mwenziwe, kama vile mnunuzi wa ng'ombe asivyofungwa na deni la mchungaji wa kwanza ambalo hakuambiwa. Huenda wewe ukaona vingine. Kama ni hivyo, jadiliana na wenzako darasani, lakini jadilianeni juu ya ahadi: nani aliitoa, kwa nani, na kwa malipo gani. Mkifanya hivyo mtakuwa mnajadili haki, na si tamaa.

Baada ya hayo liko jambo linalowahusu wanafunzi hasa. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, limepeleka visomeo vya Kindle katika shule za Afrika, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizovipokea. Yamkini siku moja utakishika kisomeo cha shule au cha maktaba. Kikiwa mkononi mwako, ukazijua njia zote za kukifungua, kumbuka kwamba kuwa na ujuzi si kuwa na haki. Hicho umeazimwa. Leo unakisoma wewe. Kesho atakisoma mdogo wako wa kidato cha kwanza. Kikiharibika kwa majaribio yako, hukuharibu chuma tu, umezima taa ya mtu ambaye hukumwuliza. Ukiona kisomeo cha shule kimezeeka na kingefaa kufunguliwa, mwendee mwalimu, mweleze faida na hatari, na akikubali fanyeni pamoja. Njia hiyo ni ndefu kidogo, lakini mwisho wake mtu hutembea bila kutazama nyuma.

Tena, hata mwenye chake asidhani kwamba haki ya kufungua ni haki ya kupapasa gizani. Kazi hii ina hatari zake. Faili moja likiwekwa mahali pasipo pake, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kisomeo chaweza kunyamaza kisiamke tena. Dhamana ya mwuzaji, kama ipo, yaweza kukoma. Aliyefungua hawezi kurudi dukani na kusema kwa uso mkavu kwamba kimekufa chenyewe. Kusema hivyo ni uongo, na uongo huo huwafanya wauzaji wawe wakali kwa wanyofu pia. Anayeutaka uhuru wa fundi aupokee na mzigo wa fundi. Asome kwanza, aulize wanaojua, aweke nakala ya vilivyomo, ahakikishe betri imejaa, kisha ndipo aanze. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi za vyombo haraka ina gharama pia.

Iko faida moja katika kazi hiyo ambayo haionekani kwa macho. Mtu aliyekifungua chombo chake, akaona jinsi maagizo yalivyopangwa, hawi tena yule aliyekuwa. Zamani alibonyeza na kungoja kama mtu anayesubiri majaliwa. Sasa ajua kwamba nyuma ya kioo hamna mzimu. Mna kazi ya mikono ya watu, iliyofanywa na watu, na yenye makosa ya watu. Ujuzi huo humpunguzia hofu, na humwongezea heshima kwa waliotangulia. Kwa maana programu aliyoipata bure, wenzake waliitunga usiku baada ya kazi zao, bila kumjua wala kumtarajia. Deni la hisani kama hiyo hulipwa kwa kuipitisha mbele: kumsaidia jirani, kuandika maelezo kwa lugha yake ili wengine waelewe, kurekebisha kosa aliloliona. Katika Kiswahili maelezo ya namna hiyo bado ni machache, na nafasi ya anayetaka kuyaandika ni pana.

Basi nikiulizwa, "Je, ni haki kukifungua kisomeo cha zamani na kukitia programu za watu wengine?" jibu langu ni kwamba ni haki, kwa mwenye chake, na ndani ya mipaka. Mipaka hiyo ni maswali matatu ambayo kila mtu anaweza kujiuliza bila wakili. La kwanza: je, chombo hiki ni changu kweli, au nimeazimwa? La pili: je, katika kukifungua, yuko mtu ninayemnyang'anya, akiwa mwandishi aliyestahili ujira au mwuzaji niliyempa ahadi? La tatu: je, kikiharibika, niko tayari kusema, "Ni mimi," bila kumsingizia mwingine? Mtu anayeweza kuyajibu hayo matatu kwa uso mkunjufu, na achukue bisibisi yake afanye kazi. Na yule anayejikwaa katika moja, heri aiweke chini kwanza, kwa kuwa kinachohitaji kutengenezwa hapo si kisomeo.